Mwanangu Aliitikia Kila Mtu

Nilimfundisha mwenyewe, nyumbani kwetu Ilomba, Mbeya, huku namkausha kichwa kwa kanga. Hapa, hapa na hapa ni pako. Mtu akikugusa, awe mjomba, awe mwalimu, unakuja kuniambia. Alikuwa na miaka sita. Na kweli alikuja kuniambia. Yaliyofuata ndiyo yanayonichanganya mpaka leo.

Alikuwa ametoka likizo Ilula, Iringa, kwa mama yangu, anayeuza nyanya barabarani. Namsugua mgongo kwenye beseni, wala sijamuuliza kitu, akasema kama anayenieleza kuwa sabuni imeisha: "Mama, yule anayefunga matenga ya nyanya kwa bibi alinishika huku. Kasema nisiseme."

Mkono wake ulikuwa na povu. Ukapita kwapani, ukashuka, ukaishia karibu na kiuno.

"Wapi? Hapa?"

"Ndiyo."

"Au hapa?"

"Ndiyo."

"Huku chini?"

"Ndiyo, mama."

Nikabaki nimeshika kopo la maji, nimejaa hasira hadi kwenye vidole, na bado sijui ni wapi.

Nilipompigia mama simu alisema, "Huyo kijana mimi nakula naye sahani moja. Usiende kokote. Njoo tukae kikao." Kwetu ndivyo ilivyo, jambo la nyumbani wazee hulikalia kwanza. Nikaenda, na mwanangu nikamchukua. Nilidhani akisema mbele yao kama alivyoniambia mimi, ubishi utaisha.

Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, alikaa kwenye kiti. Mama alikaa mkekani. Yule mwanaume alikalia tenga lililogeuzwa, kofia mkononi. Kabla ya lolote mtoto akaambiwa azunguke asalimie.

"Huyo hamsalimii," nikasema.

Mama akanikata jicho. "Msalimie, mjukuu wangu. Hatujamhukumu mtu hapa."

Mwanangu akapiga goti mbele yake, akamwamkia. Yule akaitikia marahaba, tena kwa upole. Nilitamani kumrukia.

Alipopewa nafasi, alisema mtoto alipanda juu ya matenga yaliyokwisha kufungwa, akamshika akamshusha. Nyanya mbili tatu zilikuwa zimepondeka, akamwambia asimwambie bibi, asije akachapwa. Basi. Alisema vizuri. Inawezekana kabisa ikawa kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Baba mkubwa akamgeukia mtoto. "Alikuwa anakushusha tu, eti mjukuu wangu?"

"Ndiyo, babu."

Nikadakia. "Si uliniambia alikushika vibaya?"

"Ndiyo, mama."

"Au uliota, mjukuu wangu?" Huyo mama yangu.

"Ndiyo, bibi."

Hapo nikaelewa. Na mimi nililelewa kwenye uwanja huuhuu. Mtoto hamwambii mkubwa hapana. Ukithubutu, kofi linafika kabla neno halijaisha. Mwanangu hakuwa anajibu maswali, alikuwa anaonyesha adabu. Nikataka nao waone. Nikamwuliza kwa sauti, "Wewe una mkia?"

Akanitazama. Akawatazama. "Ndiyo, mama."

Nikawageukia. "Mnaona? Mnaona mnachomfanya?"

Wakacheka. Baba mkubwa alicheka hadi akatoa leso. "Tumeona, mwanangu. Mtoto ni mwongo. Umetusaidia wewe mwenyewe." Yule mwanaume naye akatabasamu, akavaa kofia yake.

Nilimshika mwanangu mkono tukatoka. Mama akatukimbilia hadi lami na mfuko wa nyanya. "Unataka kunivunjia nyumba kwa maneno ya mtoto anayesema ana mkia!"

"Mkia nimemuuliza mimi, mama!"

"Na hayo mengine nani alimuuliza?"

 Hakuna. Hakuna aliyemuuliza. Maneno yale ya kwanza aliyasema mwenyewe, kabla sijaanza na hapa, au hapa. Yaliyofuata yote tulimtilia sisi mdomoni, nami nikiwa wa kwanza. Lakini yale ya kwanza yalisemaje hasa? Alinishika huku. Huku wapi? Nilikuwa nimeshayachafua kwa maswali yangu, siwezi tena kuyasikia yakiwa peke yake.

Mfuko wa nyanya sikuupokea. Tukapanda gari la kwenda Iringa mjini, siyo la kurudi Mbeya.

Kwenye dawati la watoto pale polisi, askari mmoja wa kike alinisikiliza, kisha akasema, "Sawa, mama. Sasa wewe kaa nje."

"Ni mwanangu!"

"Ndiyo maana."

Mlango ukafungwa. Nilikaa kwenye benchi, sikio limekaza, sikusikia kitu zaidi ya kiti kuburutwa na, mara moja, mwanangu akicheka. Anacheka nini? Nilitaka kuupiga teke ule mlango. Nilitaka pia usifunguliwe kabisa.

Ulipofunguliwa askari alisema wataendelea na jambo hilo, watanipigia. "Amekuambia nini?" Akasema nitaelezwa. "Na wewe usimuulize. Akitaka kusema, msikilize tu."

Mwanangu alisema ana njaa. Nikamnunulia chipsi, tukakaa tukala. Midomo yake iling'aa mafuta. Swali lilinijia hadi kwenye meno, nikalitafuna na chipsi. Alimaliza, akafuta mikono kwenye gauni, akasema anataka tena, na mimi nikainuka kununua nyingine, nikiogopa kwamba nikiendelea kumtazama usoni nitamuuliza, na ataniambia ndiyo.