Miti ya Mihogo Kabla ya Mvua

Mwisho wa Februari, pale kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kabla mvua haijashuka, tulikuwa na kazi ya kung'oa mihogo ya zamani, kufunga miti yake mafungu ya kupanda, na kuloweka mihogo yenyewe ndani ya pipa. Kazi hiyo naichukia hadi leo. Maji ya pipa yalitoa povu la kijivu, na ukishaingiza mkono, harufu inakaa kwenye kucha mpaka Jumapili. Unaimba kanisani huku unajinusa.

Mwaka ule ilizidi. Nilipasua muhogo mmoja nikakuta ndani umeoza, mabaka ya kahawia, makavu. Wa pili vilevile. Mama mkwe alikata sehemu mbovu kwa kisu, zilizobaki akazitumbukiza ndani ya pipa.

"Maji itaondoa," alisema.

Maji hayakuondoa kitu. Mabaka aliyoyaacha hayakulainika, fufu, ugali wa mihogo hiyo, ikatoka na madoa, chungu. Mume wangu alikuwa mjini Mbarara akiuza viatu vya mitumba, kwa hiyo uchafu ule tuliula wawili. Mama mkwe alimeza. Mimi nilitoka nje kutapika.

Ugonjwa ule unakaa kwenye mti. Ukipanda mti mgonjwa, utavuna uozo uleule. Nikaenda Kaberebere kwa mkulima mmoja Mnyankore, nikampalilia migomba mpaka mgongo ukakataa, naye akanilipa mafungu ya miti mizima. Ilitosha shamba letu tu, na shamba lile ndilo lilikuwa chakula chetu cha mwaka mzima.

Niliporudi nilimkuta mama mkwe uani na mwanamke mgeni, mtoto mgongoni. Mgeni huyo alikuwa ametoka Uvira karibuni, amepewa kiwanja kando ya chetu. Kwetu Kivu miti ya muhogo haiuzwi wala haichomwi; mgeni akifika anapewa apande. Basi mama mkwe alikuwa amempa ile miti yetu mibovu, na maskini yule anashukuru kwa mikono miwili.

Nilipandwa na hasira. Nilishika panga, nikapasua muhogo mbele ya mgeni.

"Angalia kitu unapewa, dada. Ukipanda hii utakula hii."

Mama mkwe aliinamisha kichwa. Mgeni aligusa yale mabaka kwa kidole, akanusa. Nilingoja atupe fungu chini.

"Na hii mihogo," akauliza, "munaitupaka? Kama munaitupa, munipatie."

Nilisikia kinyaa, kwa muhogo na kwa yeye aliyeuomba. Mama mkwe alimpokonya lile fungu bovu, akalitupa jikoni penye moto, yeye aliyekuwa akisema mti wa muhogo hauchomwi. Kisha akaonyesha mzigo wangu wa Kaberebere.

"Umekataza nimupe ya kuoza. Sawa. Lakini mutu haende mikono mitupu ku nyumba yangu. Sasa mupe ile ya muzima."

Nilikata kamba mwenyewe, nikaanza kumgawia nusu, wala si kwa moyo mweupe. Mkono wangu ulikuwa ukichagua miti mifupi. Mama mkwe aliona. Aliitoa ile mifupi mikononi mwa mgeni mmoja mmoja, akairudisha kwetu, akampa mirefu.