Hadithi za Kufungia Karanga

Binti alifundishwa herufi shuleni kama watoto wenzake, lakini kusoma hasa alijifunzia kwenye karatasi za kufungia karanga. Mama yake alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa kukaanga karanga nyuma ya nyumba, kisha kuziuza kwenye kituo cha mabasi zikiwa zimefungwa kwenye karatasi zilizosokotwa mfano wa pembe. Karatasi zenyewe walipewa na shangazi, dada wa marehemu baba, aliyekuwa mfagizi kwenye ofisi moja kubwa. Magazeti ya zamani, majarida yenye hadithi za kuendelea, vitabu vilivyopoteza majalada, vyote shangazi alivibeba kwenye gunia na kuvimwaga sakafuni kwao.

Mama hakujua kusoma. Kwake karatasi zilikuwa za aina mbili tu, ngumu na laini, na alizopenda ni ngumu kwa sababu hazitoboki. Alikuwa akizichana kuanzia nyuma, maana huko ndiko pini zilikolegea. Hivyo kurasa za mwisho za kila hadithi ziliuzwa asubuhi, binti yuko darasani. Aliporudi mchana na kuketi pembeni ya meza kumsaidia mama kusokota, zilizobaki zilikuwa za mwanzo na za katikati.

Alisoma kila ukurasa kabla ya kuusokota. Wateja walisubiri, mama akamfinya, naye akasokota huku macho bado yako kwenye mstari wa chini. Siku moja alikutana na harusi. Bibi harusi amesimama mbele za watu, bwana harusi kashika pete, mara baba wa bibi harusi anainuka na kusema, "Ndoa hii haiwezekani, kwa sababu..." Ukurasa ukaishia hapo. Upande wa pili palikuwa na tangazo la sabuni.

Alipekua rundo zima, hakuna. Akakumbuka kwamba karatasi iliyofuatana na hiyo ilikuwa imeondoka sasa hivi mkononi mwa fundi wa kuchomelea vyuma. Akamfuata hadi kwenye karakana yake na kusimama mbele yake. Fundi alikuwa mtu wa kula karanga moja moja, kila moja anaimenya ngozi na kuipuliza kwanza. Mwishowe akamuuliza kama ana njaa.

"Hapana, mjomba. Nasubiri karatasi."

Fundi alicheka, lakini hakuongeza mwendo. Alipomaliza akamkabidhi karatasi, imejaa chumvi na alama za vidole vyeusi. Ilikuwa hadithi nyingine kabisa, ya mtu aliyenunua baiskeli mbovu.

Jioni hiyo, wakila, mama akamuuliza kama kawaida yake amesoma nini. Binti akasimulia harusi, na alipofika pale baba alipoinuka, mama akaacha kutafuna.

"Ikawaje?"

Kusema karatasi imepotea aliona haya. Basi akasema baba alijibu kwamba bwana harusi ana mke mwingine, na kwamba mke huyo alikuwa pale pale, amekaa nyuma na mtoto mgongoni. Mama akashika shavu. Akataka kujua huyo mke wa nyuma aliambulia nini. Binti akampa nyumba.

Hivyo ndivyo walivyoishi miaka yote ya utoto wake. Shangazi alileta magunia, mama aliuza miisho, na binti akatunga mingine ya kujazia.

Alipokuwa mtu mzima akawa msusi. Alikodi chumba chenye vioo viwili na dirisha linalotazama barabara, na wanawake walimfuata kutoka mbali, si kwa sababu ya mikono yake tu. Kusuka ni kazi ya saa nyingi, na yeye alikuwa na hadithi za kuwafanya wasahau kwamba kichwa kinauma. Wateja waliojua anapenda kusoma walimletea vitabu. Alivipanga juu ya kabati la mafuta ya nywele, na kila kimoja kilikuwa na kona iliyokunjwa, karibu na mwisho lakini si mwishoni. Hakuna hata kimoja alichokimaliza.

Hakuwa mvivu. Kurasa zilipoanza kupungua upande wa kulia, alisikia kitu kama mtu kaingia jikoni kwake na kumnyang'anya mwiko. Alifunga kitabu, akamalizia mwenyewe akiwa anasuka, na hadithi hiyo ndiyo aliyowapa wateja. Muuguzi mmoja aliyesukwa kwake kila mwezi, na ambaye alikuwa amekisoma kitabu fulani mwenyewe, aliwahi kumwambia, "Dada, mbona kwenye changu huyu mtu alikufa?" Msusi akajibu kwamba kwake hafi mtu bila sababu, na wote wakacheka.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya binti yake mwenyewe. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusoma vizuri, akapewa na shule kitabu cha msichana aliyepotelewa na mbwa wake. Walikisoma pamoja kitandani, zamu kwa zamu, na zilipobaki kurasa chache msusi akakifunga.

"Haya, sasa tumalizie wenyewe."

Mtoto alifurahi. Walikubaliana kwamba mbwa alirudi na watoto wake, wote weupe, na wakalala.

Kesho yake mwalimu akamwinua darasani aeleze kitabu kinaishaje. Mtoto akaeleza habari za mbwa weupe kwa ufasaha wote. Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu akamwambia akae chini, akasome kitabu kwanza ndipo aje kukisimulia. Aliporudi nyumbani hakula. Mama yake aliporudi kutoka kazini na kumuuliza, mtoto alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyekutosa mbele za watu.

"Imeandikwa, mama. Wewe umenidanganya. Mimi sisomi na wewe tena."

Akachukua kitabu na kwenda kukaa barazani peke yake.

Msusi alibaki kasimama na mkoba begani. Bibi wa mtoto, yule muuza karanga, sasa alikuwa mzee na anaishi nao. Alikuwa ameketi jikoni anachambua mchele na alisikia yote. Bila kuinua macho kwenye ungo, akamwambia bintiye kwamba mtoto ana haki ya kukasirika.

"Wewe hukukasirika, mama," msusi akasema. "Na mimi nilikulisha hadithi za uongo miaka yote ile."

"Nilikuwa najua." Bibi akatupa jiwe dogo nje ya mlango. "Kila mjane kwenye hadithi zako alipata nyumba ya matofali. Karatasi gani hizo zilizowahurumia wajane wote? Nilijua ni wewe unayenipa. Nilikuwa nataka, ndiyo maana niliuliza. Huyu hajakuomba. Huyu anataka kujua kilichoandikwa."

Msusi aliweka mkoba, akatoka barazani na kukaa chini karibu na mtoto, akaomba asomewe mwisho. Mtoto alikataa kwanza, amenuna kweli kweli. Kisha akafungua kitabu, akasoma kwa sauti ya kumkomoa.

Mbwa hakurudi. Msichana alimtafuta mpaka mvua zikaanza, akaacha kutafuta, na siku moja akagundua kwamba amepita mlangoni bila kutazama barabarani.

Msusi alikuwa hajawahi kufikiri kwamba mtu anaweza kukaa chini, akawa na uwezo wa kumrudisha mbwa kwa kalamu tu, asimrudishe. Ilimuuma, lakini alitaka kuisikia tena. Mtoto akamsomea tena, safari hii kwa sauti ya kawaida.

"Mwisho wako nao mzuri," mtoto akasema baadaye. "Ila siyo wa kitabu hiki."

Kuanzia hapo msusi alivirudia vile vitabu vya juu ya kabati, kimoja kimoja, akakunjua kona na kuendelea. Vingine vilimuudhi, akaona angemaliza vizuri zaidi yeye. Kimoja kilimliza mbele ya mteja aliyesukwa nusu ya kichwa, akalazimika kusingizia dawa ya nywele. Muuguzi alipojua kwamba sasa anavimaliza, alimletea kitabu kinene kuliko vyote, akamwonya kwamba kinachosha katikati.

Mtoto sasa ni msichana mkubwa, anasomea chumbani kwake na mlango umefungwa, na hapendi kuulizwa kitabu kimefikia wapi. Mama yake haulizi. Asubuhi hufungua saluni mapema, anavuta kiti dirishani na kufungua kile kinene, ambacho sasa kimebakiza kurasa chache. Juzi mteja wa kwanza aliingia akamkuta hapo, akasalimia. Msusi aliinua kidole kimoja bila kuinua kichwa, na mteja akavuta kiti cha pili, akaketi kusubiri.