Mtoto kagoma kula, wifi kasema ni jicho

Wakuu asalaam aleikum, na walionizidi umri shikamooni.

Haya si ya rafiki yangu wala ya jirani. Yamenikuta mwenyewe hapa hapa Ng'ambo, Unguja. Na sitii chumvi, chumvi yenyewe mtoto wa miezi saba hapewi.

Mimi nakaa mapokezi kwenye hoteli moja kule Paje, kwa wale wazungu wanaolipa pesa nzuri ili warushwe na upepo baharini.

Likizo ya uzazi ilikuwa inakwisha. Bosi kashaniambia nikiongeza tena basi ntafute kazi nyengine. Na mwanangu Mundhir duniani alikuwa anajua kitu kimoja tu, ziwa langu. Asipokula, kazi ndo basi tena.

Nkaanza na uji wa mchele. Akautema. Boga la kuponda, akanitemea usoni. Ndizi hata hakuionja, alining'ata kidole kwa vijino vyake viwili.

Mume wangu akanunua blenda, akaiweka mezani, akatoka zake kwenda barazani. Kwake yeye malezi yakawa yamekwisha.

Sasa akaingia wifi. Huyu ni dada mkubwa wa mume wangu, nyumba yake na yangu ukuta mmoja. Kalea wanne, na wa mwisho ana ndevu na mpaka leo anakula kwangu. Basi ndo mtaalamu wetu wa chakula cha watoto.

Akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akatoa hukumu. Jicho. Mtoto ana mashavu, watu wanamwona anakula, wanamhusudu, chakula hakipiti.

"Asile mbele ya watu," akasema. "Mlishe chumbani, funga mlango, shusha pazia."

Nkamuuliza, na wewe wifi? Akasema jicho lake ni la damu, halidhuru.

Hasad ipo, tumefundishwa, sibishani. Ila kwa wifi yangu kila kitu hasad, hata friji lake lilipokufa alisema limetiwa jicho. Lina umri mkubwa kuliko mimi.

Nchekeni, lakini nlimfuata. Ukiwa na mtoto hali, hata paka akikushauri unamsikiliza.

Ikawa kila mchana nyumba nzima wako mkekani wamelizunguka sinia, wanakula na kucheka. Mimi na mwanangu tuko chumbani na kibakuli cha boga, joto linatumaliza. Akisikia vicheko anageuza shingo mlangoni. Mimi namwimbia, nafungua mdomo nimuoneshe, natafuna hewa. Yeye kakaza midomo.

Kliniki wakampima, uzito haujapanda. Nlitoka pale nalia njiani na wala sikuona haya. Nliogopa, wakuu. Kazi ntapata nyengine, mtoto ntampata wapi?

Ijumaa wifi akaja kula kwangu, kwa sababu gesi yake imekwisha. Gesi ya wifi huisha kila Ijumaa, hiyo nayo sijui ni jicho la nani.

Nlipika wali wa nazi na mchuzi wa samaki. Nkamweka Mundhir pembeni ya mkeka, nkaenda kuchukua maji ya kunawa, nikirudi niingie naye kifungoni kwetu.

Narudi, mtoto hayupo pale. Kashatambaa, kampita baba yake, kaenda moja kwa moja kwa wifi na mkono kautia kwenye wali wake. Sisi tumefundishwa mtu anakula cha mbele yake. Mundhir hajafundishwa.

Wifi tonge liko njiani, haliendi mdomoni wala halirudi. Nyumba nzima inamtazama mtoto. Macho yote yale tuliyomficha.

Akatia mdomoni. Akatafuna kwa fizi. Akameza. Akarudi kuchota.

Nlisimama na jagi langu. Kisha nkakaa, nkampondea wali vizuri, nkamchambulia samaki mwiba mmoja mmoja, akala. Na chumvi yake, ndiyo, msinisute.

"Mgeni njoo mwenyeji apone," nkamwambia wifi.

Akajibu bila kupepesa, "Si nlikwambia? Mtoto huyu anataka watu."

Sasa mtaa mzima unajua nani kamfungua Mundhir mdomo. Si mama yake.

Basi funzo ni hili. Mwanangu hakuchukia chakula, alichukia kula kama mgonjwa. Huku kwetu nani anakula peke yake akafurahi? Kabla hujamfungia mtoto kwa ajili ya macho ya watu, mkalishe kwenye sinia umwone. Blenda nasagia pilipili.

Kasoro moja tu. Jumapili wifi hakuja, na Mundhir akakaza midomo tena. Kwa hiyo sasa wifi anakula kwangu kila siku, na anachagua samaki.

Jumatatu nlirudi kazini. Nlijua atalia, atanishika nguo. Nkamuaga mlangoni, kakaa mkekani ubavuni mwa shangazi yake, muhogo mkononi. Akanitazama, akarudi kwenye muhogo. Aliyelia ni mimi, mpaka Paje.

Haya, wenye mawifi uwanja wenu, na mawifi wenyewe najua mumo.

Na wewe wifi, kama unasoma humu kwa jina la bandia, kesho usichelewe. Mwanangu bila wewe hali.