Chupa Iliyozama Kisimani

Sikuzani alikuwa mpuliziaji dawa mikorosho, mwanamke pekee wa kazi hiyo upande ule wa Nandagala. Watu walimsifu kwamba hana papara. Lakini mchana mmoja wa Julai alikuwa nayo. Alikuwa akisuuza mashine ukingoni mwa kisima, chupa ya dawa ya wadudu ikamponyoka, ikagonga jiwe, ikapata ufa, ikazama. Akatazama huku na huku. Hakuna mtu. Akaenda zake.

Kesho yake mbuzi watatu walionyweshwa maji yale wakafa. Kisima kikafungwa kwa mnyororo, na lawama zikamwangukia Kassian, kibarua kutoka Kilimarondo aliyekuwa amegombana na mwenye mbuzi. Vijana wakaapa kumshikisha adabu. Kassian akawa hatoki ndani. Sikuzani naye akawa hapati usingizi.

Wiki ya pili akaja Prisila, mtaalamu wa maji kutoka Nachingwea, na mtambo wa majaribio juu ya gari. Kijiji kikakusanyika.

"Huu unapiga altrasaundi ndani ya maji," alieleza, "huku ukipitisha gesi ya ozoni. Viwili hivyo vikishirikiana vinaikatakata sumu."

"Altrasaundi si ya wajawazito?" aliuliza Bibi Hajra. Watu wakacheka.

"Ni ndugu yake, bibi. Hii ni sauti kali zaidi, ila sikio haliisikii. Lakini sumu hazifanani. Nyingine huvunjika upesi, nyingine hugeuka kuwa kitu kibaya zaidi. Nisipojua ni dawa gani, sitajua nipime nini. Na bila kupima siwezi kuwaambia mnywe."

"Kassian anajua!" kijana mmoja alipaza sauti.

Kundi likageuka, likaelekea nyumbani kwa Kassian, mmoja ameshika mpini wa jembe. Sikuzani alifikiria jina lake, na kazi yake. Kisha akasikia mlango ukipigwa teke.

"Mwacheni!" alipiga kelele. "Ni mimi! Chupa iliniponyoka mimi!"

Kundi likasimama. Bibi Hajra akamtazama. "Siku zote hizi, mwanangu?"

Sikuzani alikimbia nyumbani, akarudi na chupa nyingine ya dawa ileile, akamkabidhi Prisila.

Chupa iliyozama ikaopolewa, maji yakavutwa kwenye tangi, mtambo ukanguruma kutwa. Sampuli ya kwanza ikarudi kutoka maabara na mabaki ya sumu. Prisila akaongeza muda, akapima tena ile dawa pamoja na vitu ilivyogeuka kuwa. Siku tano wakangoja, ndoo tupu. Safari hii majibu yakawa mazuri, maji ya tangi yakaruhusiwa kunywewa.

Serikali ya kijiji ilimzuia Sikuzani kupulizia msimu mzima. Hakubisha. Alikwenda kwa Kassian kuomba radhi, naye akamsikiliza akiwa amesimama mlangoni, bila kumkaribisha.

"Nimesikia," alisema, akafunga mlango.

Mwezi uliofuata Kassian akafungasha, akarudi kwao Kilimarondo. Sikuzani alimsaidia mkewe, Rahel, kubeba vyombo hadi barabarani.