Salamu Tuliyokatazwa Hotelini

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hoteli moja ya Naivasha, sikuruhusiwa kugusa hata kijiko. Msimamizi wa wahudumu, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, alinisimamisha mlangoni. "Wewe kijana, kwanza jifunze kusalimia. Mgeni mshike mkono kabla hajaona menyu." Nilisalimia watu asubuhi nzima hadi vidole vikauma. Baadaye ndipo nikafundishwa kuandaa kava, yaani vyombo vyote vya mgeni mmoja, na kutunza stesheni, zile meza zilizo chini ya mhudumu mmoja.

Miaka ikapita, nikawa msimamizi, mwishowe mwalimu wa wahudumu mjini Nakuru. Kwa hivyo fikiria nilivyojisikia korona ilipopunguza makali na hoteli moja ya mjini ikaniita niwafundishe watu wake kinyume cha kila nilichojua. Menyu za karatasi ziondolewe, meza zitenganishwe, barakoa zisivuliwe. Kushikana mikono, marufuku kabisa. Badala yake, kiganja kifuani na kichwa kuinama kidogo. Wahudumu walinicheka, nami nilikasirika kwa sababu walikuwa na haki ya kucheka.

Meneja hakucheka. "Mwalimu, Ijumaa afisa wa afya anakuja kuangalia chakula cha majaribio. Mtu mmoja akikosea, hatupewi kibali cha kufungua tena, na hawa wote nawarudisha nyumbani. Hata mimi naenda."

Walikuwa wameshakaa nyumbani vya kutosha. Chepkemoi, mhudumu hodari kuliko wote, alikuwa ameuza hadi kochi lake.

Ijumaa hiyo wageni wetu walikuwa watu wanaoiuzia hoteli vyakula. Afisa wa afya alikaa pembeni, kalamu mkononi, macho yake hayatulii. Mambo yalikwenda sawa mpaka alipoingia mzee mmoja wa viazi kutoka Olenguruone. Alivua kofia, akaelekea moja kwa moja kwenye stesheni ya Chepkemoi akiwa amenyoosha mkono.

"Boss," Chepkemoi alininong'oneza, "huyo ni babangu. Sijaenda nyumbani tangu korona ianze. Niliogopa kumpelekea ugonjwa."

Kwao, na kwetu pia, mtoto haachi mkono wa mzazi ukining'inia mbele za watu. Afisa aliinua macho. Chepkemoi alinitazama, nami nikatikisa kichwa: usishike.

"Chamgei, Baba," akamsalimia kwa lugha yao, kiganja kifuani, magoti ameyakunja.

Mzee hakushusha mkono. "Chepkemoi, hata mimi?"

"Baba, ni kazi. Tafadhali."

"Sasa mimi ndio ugonjwa?"

Meneja alikuwa amejishika kichwa karibu na mlango wa jikoni. Chepkemoi akavuta kiti, akasimama nyuma ya kiti hicho akingoja. Niliogopa mzee atageuka aondoke, na niliogopa zaidi kwamba binti atamkimbilia na kumshika. Hatimaye mzee akakaa. Barakoa ya Chepkemoi ililowa machozi, lakini alihudumu bila kukosea hata kitu kimoja. Afisa akatia sahihi, na watu wote wakapata kazi yao tena. Mzee alikuwa ameondoka kabla ya chai.

Siku hizi nimestaafu. Niko mtaa wa Free Area, hapa Nakuru, nafuga kuku, na kila ninapokula nje nawakosoa wahudumu hadi mke wangu anaona haya. Vijana wa kazi hii huniuliza kama kweli ilikuwa lazima. Ilikuwa lazima, na nikirudishwa siku ile nitatikisa kichwa vilevile. Hata hivyo inaniuma. Masharti yalipoondolewa, Chepkemoi alipanda nyumbani Olenguruone. Alimkuta babake shambani, akamkimbilia na mikono yote miwili. Mzee akaweka jembe chini, akainamisha kichwa, kiganja kifuani.