Mkono wa Bibi na Maji ya Ethi

Watu wengi husifu harufu ya vumbi lililomwagiwa maji. Mimi siitaki. Juzi jirani yangu alikuwa akimwagia uwanja wake kabla ya kufagia, nikafunga dirisha na kukaa kitandani mpaka harufu ikaisha. Mnivumilie niwaeleze sababu, maana hadi leo sijamwambia mtu, hata mama.

Nimekulia Kawajense, pale Mpanda. Tulikuwa Wasukuma wa mjini: nyumba ya bati, friji kuukuu ambayo mama aligandishia barafu za ubuyu, na nyuma ya nyumba ng'ombe mmoja, Maua, aliyebaki katika kundi ambalo babu alikuja nalo kutoka kaskazini. Baba alikuwa ameshafariki. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyemkamua Maua kila asubuhi, miguu peku kama alivyozoea tangu usichana wake, akimwimbia Kisukuma taratibu. Mimi nilisimama pembeni na kikombe, nikisubiri povu la juu.

Fundi aliyetuingizia umeme alikuwa amechimbia fimbo ya ethi, ile inayopeleka ardhini umeme uliopotea njia, ubavuni kabisa mwa pipa la chuma la kumnyweshea Maua. Alisema ethi inapenda unyevu, na hapo maji hayakosi kumwagika. Kiangazi kikikaza, tuimwagie. Kazi hiyo nilipewa mimi, ndoo moja kila jioni. Nilikuwa na miaka tisa na niliifanya kwa moyo wote, nikijiona na mimi ni fundi.

Kiangazi hicho Maua aliacha kunywa. Alilifuata pipa kwa kiu, akagusisha pua, akaruka nyuma akitetemeka, kisha akabaki kuyatazama maji kwa mbali. Mbavu zikaanza kuhesabika. Wakati wa kukamua tulikuwa tukimfunga kwa mnyororo kwenye pipa hilohilo, na hapo ndipo balaa lilipozidi: bibi akimgusa tu, mateke. Mama akimgusa na ndala zake miguuni, Maua anatulia.

Majirani hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mkono wa yule bibi umeharibika, walisema. Mama aliwakatalia kwanza. Lakini asubuhi moja Maua alipiga magoti akashindwa kuinuka, na mama, aliyekuwa amekata tamaa kabisa, akasema bila kumtazama bibi, "Mama, naomba umwache Maua kwanza."

Bibi aliugeuza mkono wake akautazama. "Hata mimi nausikia, mama Limi. Nikimshika, mkono unawaka mpaka begani. Kuna kitu kinatoka kwangu kinamwingia."

Nilikuwa nimesimama pale na kikombe changu kitupu. Na nilijua. Siku chache kabla yake nilikuwa nimetia mkono kwenye pipa kuchezea maji, yakaniuma mpaka kwenye kiwiko. Nilirudia mara tatu, nikicheka, nikidhani nimegundua mchezo.

Lakini nilikuwa peku. Mama alikuwa ameninunulia ndala mpya baada ya zile za zamani kuishia chooni mwa jirani, moja baada ya nyingine, na mimi nilizificha chini ya kitanda zisichafuke kabla ya Jumapili. Nilikuwa nimewahi kuchomwa na msumari, kwa hiyo mama alikuwa ameapa: "Nikikukuta tena peku, utanitambua." Kueleza habari za maji kungekuwa kujisema kwamba nilikuwa peku, nikafunga mdomo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walituimbia shuleni. Guu langu lilibaki zima.

Bibi aliamua mwenyewe kwenda Inyonga, kwa baba mdogo. Tulimsindikiza mpaka kituo cha basi, amebeba kifurushi kimoja. Nilipomkumbatia, aliiweka mikono nyuma. "Nisije nikakudhuru, Limi, mjukuu wangu," alisema. Nililia njia nzima ya kurudi, na hata hapo sikusema.

Wiki moja baadaye friji iliacha kugandisha. Mama aliita fundi mwingine, kijana wa mtaa wa Makanyagio, na katika kulalamika akamtajia na habari za ng'ombe. Yule kijana aliliangalia pipa, akaiangalia ethi, akatoa kipimo chenye mdomo unaofunguka kama koleo. Aliubana waya wa ethi, bila kuukata. Tarakimu zikapanda. "Hapa ilitakiwa isome karibu na sifuri," alisema. Akachomoa friji, zikashuka zote.

"Friji inavujisha, mama. Umeme unapita ethi unakuja mpaka kwenye pipa. Na nyie mnamwagia maji, mnaurahisishia njia. Wewe huusikii kwa sababu ya ndala. Ng'ombe havai ndala."

Aliliondoa pipa pale. Maua alikunywa mpaka tumbo likalia. Mama alikaa chini kwenye tope, akashika kichwa, akampigia bibi simu papo hapo. "Mama, si mkono wako. Ni umeme. Fundi amepima."

Bibi alijibu kwamba amesikia, na kwamba anashukuru mkwe wake ana moyo wa kumfariji. Kurudi hakurudi. Alifia Inyonga kabla ya masika, na baba mdogo alituambia kwamba hadi mwisho hakukubali kumbeba mtoto yeyote.

Kwa miaka mingi niliilaumu friji. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwamba bibi asingeweza kuamini kipimo ambacho hakukiona, mbele ya mkono wake uliokuwa ukiwaka kweli. Alihitaji mtu mmoja tu aliyeumwa na maji yale kama yeye.

Siku ile mama alinipa simu nimsalimie. Nilisema, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, akauliza kama mimi mzima, akasubiri. Mama alikuwa amesimama karibu, anasikiliza, na ndala zangu zilikuwa chini ya kitanda. Nikamrudishia mama simu.