Nilivyoendesha Baiskeli Thelujini, na Mchanga wa Khuwair

Uvumilivu ulinishinda asubuhi ile, Khuwair ya Kusini, hapa Oman. Upepo ulikuwa umemwaga mchanga barabarani, na trekta likiusukuma wote kwenye njia ya pembeni, ile ninayopita na baiskeli kumpeleka mwanangu Salma shule. Kulikwepa lile rundo ilinibidi niingie barabarani. Gari likatupitia karibu hata abaya yangu ikapepea. Salma, kwenye kiti chake cha nyuma, akaanza kulia.

Nikashuka, nikamwendea msimamizi wa kazi ile, mzee wa kwetu, Mwomani aliyekulia Unguja, mwenye kanzu safi. "Ami, hapa wanapita watu!"

"Mwanangu," akanijibu kwa Kiswahili cha huko, "baiskeli ya nini? Mumeo hakununulii gari?"

"Gari nnalo. Nakuuliza njia."

"Basi panda gari. Wallahi, hii michezo ya watoto." Dereva wa trekta akacheka.

Michezo! Mimi baiskeli imenilipa mshahara. Nakuelezeni nyinyi vijana, mjue kazi ile ilivyofanywa.

Mume wangu alikuwa akisoma Ufini, kwenye mji wa kaskazini, nami na elimu yangu ya sekondari nikapata kazi ya kupeleka barua kwa baiskeli. Siku ya kwanza mkuu wa zamu, bibi mrefu mwenye mvi, alinitazama na makoti yangu matatu. "Vua moja," akasema. "Ukitoka hapa bila kusikia baridi, utatoka jasho, na jasho ndilo litakalokugandisha." Akainama, akapunguza upepo kwenye matairi yangu. Tairi laini hulalia theluji na kuishika, lililojaa huteleza. La mbele lilikuwa na vijino vya chuma vya kung'ata barafu. "Na breki ya mbele," akaniambia, "isahau kwenye kona."

Kona ya kwanza nikaikumbuka, nikaibana, nikalala chali na barua zangu.

Lakini nikazoea. Asubuhi za kule zilikuwa za buluu, kama mtu amewasha taa chini ya maji. Theluji humeza sauti. Nilisikia pumzi zangu tu, na vile vijino vikitafuna barafu, taratibu, kama mtu anakula njugu chumba cha pili. Pengine nikijihisi siendeshi, naelea, na ndani ya skafu ikinijia harufu ya udi wa nyumbani kwa mama, Matrah, sijui imefikaje kule. Walinipita wazee kwa baiskeli zao, walinipita kina mama na watoto wao nyuma, kimya kimya. Hata mmoja hakuniambia nacheza.

Baadaye nikahamishiwa kituo cha ng'ambo ya mto, chini ya mkuu wa kituo, mwanamme wa maneno machache. Siku moja gari la kusafisha theluji lililimbikiza theluji kwenye njia yetu. Mwenzetu akaingia barabarani, akagongwa, akavunjika mkono. Mkuu wa kituo akaweka kikombe chake chini.

"Leo barua hazitoki."

"Hata za hospitali?" nikauliza.

"Njia kwanza." Akawapigia simu wakubwa wa mji. Adhuhuri haijaingia, njia ilikuwa safi.

Tukarudi Oman nami nina mimba ya Salma. Kazi nimeiacha, lakini miguu haijaiacha. Mchanga mwembamba ukitanda hapa, mweupe, kimya, mimi hupunguza upepo wa matairi kama nilivyofunzwa, nikaelea tena. Mchanga wenyewe sina ugomvi nao. Nnagombana na anayeurundika mbele ya mtoto.

Basi nilimwacha yule ami na trekta lake. Nilimfikisha Salma shule, nikaenda moja kwa moja ofisi ya malalamiko ya manispaa. Kijana wa dirishani akauliza, "Hii ya barabara, dada, au ya usafi?"

"Ya roho ya mtoto. Iweke unapopajua."

Nikaandika:

"Nalalamikia wanaosafisha mchanga Khuwair ya Kusini. Wanafungua njia ya magari kwa kuziba njia ya watu. Leo mwanangu nusura agongwe. Nataka rundo liondolewe leo hii, na msimamizi akatazwe kumwaga mchanga pale. Sikuja kuombwa radhi. Salma kesho ana shule, na atakwenda kwa baiskeli."